Herufi Moja Kifuani mwa Sulaimani

Jumanne, 3 Juni 2025

Sikukuu ya Mashahidi. Binti yangu Nelima ameondoka alfajiri kwenda Namugongo kwa miguu. Ameniachia uji, vidonge na onyo. Onyo: nisivuke geti.

Nimevuka geti saa tatu.

Nijieleze kwanza, kwa yeyote atakayesoma haya nikiwa nimeshazikwa. Naitwa Masinde. Mchoraji. Nina diploma ya sanaa, moyo uliovimba, na daktari ambaye siku hizi hanitazami machoni. Padri Saverio ameniagiza niandike dhambi zangu kila siku. Anasema akija kuniungamisha huwa nasahau zangu na kuanza kuungama za majirani. Basi naandika. Lakini nitaandika na mipango pia. Bila kuujua mpango, dhambi haieleweki.

Mpango ni huu. Ujana wangu wote na uzee wangu nimeandika kuta za mji huu wa Kampala. Baa, saluni, zahanati, duka la majeneza kule Namuwongo. Watu walisimama kutazama herufi zangu. Leo haipo hata moja! Kuta zimepakwa rangi za kampuni za simu. Mabango yamekuwa ya plastiki, yanatoka kwenye mashine kama chapati. La mwisho lilikuwa la kinyozi wa Kamwokya. Limebandikwa uso wa mgombea, tena hajanyoa. Nikifa kesho, hakuna mahali mtu atanyoosha kidole aseme, huo ni mkono wa Masinde.

Ngozi haipakwi rangi na kampuni ya simu. Ngozi haing'olewi na askari wa jiji. Nimeamua. Kabla sijafa nitachora tatuu moja, kwa mkono wangu, juu ya mtu aliye hai, atakayebaki akitembea nikiwa chini.

Nikapanda boda hadi Kamwokya, kwa Aristide. Mkongomani wa Bukavu, kijana wa miaka thelathini na kitu. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, muziki wa kupasua masikio. Nimemwambia nataka kujifunza kazi yake, wiki mbili zinanitosha. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa unatetemeka. Huwa unatetemeka. Akasema, "Papa, hii mukono iko nacheza rumba. Nikupatie mashini, utaua mutu."

Nikamwambia herufi alizobandika ukutani zimesimama kama watu waliobanwa na haja wakingoja choo. Akacheka mpaka akakaa chini. Hakukasirika! Hilo limeniudhi kuliko kukataliwa.

Nimefika nyumbani kabla ya Nelima. Dhambi ya leo: nilimwambia mtu wa boda nimetoka kupasuliwa, ili aendeshe polepole.

Alhamisi, 5 Juni

Aristide hajui siri ya mkono huu. Ukiwa bure unatetemeka. Ukipewa kazi unatulia. Kiasi. Linahitajika thibitisho.

Nimesoma kwenye simu kwamba wanaoanza hujifunzia ngozi ya nguruwe. Hapa Mbuya nguruwe hawakosekani. Nelima alipokwenda kazini nikamwita muuza nyama wa njia panda, nikamwagiza kipande cha tumbo chenye ngozi yake. Akauliza nakitaka cha namna gani. Nikasema kipana, kisicho na mikunjo, kama cha mtu wa makamo. Akauliza kama Nelima yupo.

Mashine sina. Nimefunga sindano ya kushonea kwenye penseli, nikachovya wino. Nukta kwa nukta, asubuhi nzima. A imeyumba. B imelewa. C na D, heri. E na F zimesimama. Halafu ikaja G. Niseme ukweli, niliitazama G ile nikatokwa na machozi. Mkia wake umeingia ndani kama paka anayejikunja kulala.

Nimeificha ngozi kwenye friji, chini ya sukuma wiki. Jumanne nitampelekea Aristide. Atapiga magoti.

Jumapili, 8 Juni

Balaa.

Padri Saverio amekuja baada ya misa kunitazama. Nelima hakutegemea mgeni, akapekua friji, akaona nyama. Mimi nilikuwa nimesinzia. Nimeamshwa na harufu nzuri.

Nilipofika mezani Padri alishainua kipande kwenye uma. G! Ilikuwa G yangu, imevimba kidogo kwa kuchemka lakini mkia upo. Aliigeuza huku na huku. Akamwuliza Nelima kama nguruwe huyu ni wa serikali. Kabla sijasema neno akajijibu mwenyewe: ni muhuri wa mkaguzi wa nyama. Akasema amefurahi, siku hizi watu wanalishwa vitu ambavyo havijapimwa. Akaila.

Nelima hakula. Alinitazama mimi, akaitazama sahani yake, iliyokuwa na B, akanitazama tena. Padri alipoondoka akauliza swali moja tu: "Baba, ni wino gani?" Nikamwambia ni wa kawaida. Akashika kichwa. Jioni alimpigia Padri simu mara mbili kuuliza tumbo linaendeleaje. Linaendelea vizuri. Padri anasema ametoka kulala usingizi mzito, na kwamba nyama ilikuwa laini.

Dhambi: nilinyamaza. Lakini ningeungama, ningemharibia chakula.

Jumanne, 10 Juni

Nyama imeliwa, thibitisho halipo. Nimekwenda na karatasi badala yake. Alfabeti nzima, kubwa na ndogo, kwa brashi bapa, kila herufi na kivuli chake upande wa kushoto. Usiku wote mkono uliniuma.

Aristide alizima muziki. Sijawahi kumwona akizima muziki. Alipitisha kidole kwenye S bila kuigusa karatasi. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema kuta. Ukuta ukiukosea, wapita njia wanakuambia siku hiyo hiyo.

Tumekubaliana. Wateja wa maandishi ni wangu: nitachora kwenye karatasi, yeye atanakili kwenye ngozi na kuchoma. "Papa, kalamu ni yako. Mashini, hapana kugusa. Tunasikilizana?" Nikasema tumesikilizana. Dhambi ya leo hiyo.

Nimekaa kwenye stuli nikamtazama akifanya kazi kwenye bega la mwanamke mmoja. Sikupepesa macho. Glovu mpya, sindano mpya kutoka kwenye pakiti, dawa kwanza. Mkono wa kushoto unaivuta ngozi ikae kama turubai. Sindano haizami, inalamba tu. Na jambo ambalo ukuta haukunifundisha: ngozi inapumua. Akivuta pumzi, unangoja. Akiitoa, unakwenda. Aristide mwenyewe hangoji vya kutosha. Ndiyo maana herufi zake zinataka choo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya! Nimefanya! Naandika polepole, vidole vimekufa ganzi kwa furaha.

Saa nne Aristide alitoka kwenda kutafuta mtu wa umeme atengeneze taa ya nje. Akaniambia akija mteja nimwambie angoje. Akaja mteja. Mlango ulifanya giza. Kijana wa Kamwokya pale pale, bondia, anaitwa Sulaimani. Kifua kama mlango wa ghala, hakina unywele hata mmoja. Turubai ya namna hiyo sikuwahi kupewa hata chuoni.

Akauliza kama mimi ndiye mwenye duka. Nikasema mimi ni mwalimu wake. (Dhambi. Ndogo.)

Alisema ana pigano mwezi ujao, na kabla ya hapo anataka jina lake la ulingoni kifuani, kutoka kwapa hadi kwapa. "Mzee, andika kubwa. Fahali ya Kamwokya."

Hapa ndipo elimu inapomfaa mtu. Fundi wa kawaida angeandika alivyosikia. Fahali, dume la ng'ombe! Mimi nimeishi na Waganda tangu ujana. R ikija baada ya a, ulimi wao unaigeuza l, ndivyo lugha yao ilivyo. Barabara inakuwa balabala. Habari inakuwa habali. Kwa hiyo akisema fahali, amekusudia fahari, yaani utukufu, majivuno ya mtaa. Tena angekusudia mnyama angesema fahali wa. Amesema ya. Ni kweli kwamba hapa Kampala kila kitu ni ya, mtoto ya, askari ya, mke ya. Lakini nililiona hilo kuwa jambo dogo.

Ningeweza kumwuliza. Sikumwuliza. Msomi anatambua.

Nikachora kwenye karatasi: FAHARI YA KAMWOKYA. Nikamwonyesha. Akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila herufi: "Fahali ya Kamwokya. Nyo nyo, vizuri sana, Mzee! Hiyo hiyo!" Nikanakili kifuani. Nikanawa. Glovu. Sindano mpya. Nikatazama mlangoni kama Aristide anakuja. Haji. Nikabonyeza pedali.

Sasa sikilizeni muujiza. Mashine ile inatetemeka. Mimi natetemeka. Tulipokutana, tukatulia! Mkono wangu haujawahi kunyooka vile tangu nioe. Niliivuta ngozi, nikangoja pumzi, nikaenda. F. Nikangoja. A. Sulaimani aliuma kitambaa, na kila nilipongoja alikitoa akaniambia hadithi za makonde aliyowahi kupiga watu. Nilipofika R, mguu wake niliutupa nje kidogo, kama mtu anayetoka nyumbani kwake bila haraka. Ni R bora kuliko zote nilizoandika maishani. Nasema hivyo nikijua nakufa.

Aristide alirudi alasiri, nikiwa kwenye A ya mwisho. Alisimama mlangoni na mtu wa umeme. Hakupiga kelele, labda kwa sababu ya sindano. Alingoja nimalize, akainama karibu kabisa na kifua cha Sulaimani. Akatazama kutoka F hadi mwisho. Kisha akanivuta nje, akanitukana kwa Kifaransa, kwa Kilingala na kwa lugha ya mama yake. Alipomaliza zote tatu akasema kwa Kiswahili, "Lakini ni muzuri, Papa. Ni muzuri mubaya."

Nimepata nilichotaka. Naweza kufa.

Jumamosi, 21 Juni

Sikufa. Nilikaribia. Siku saba kitandani, miguu imevimba, Nelima analala kwenye kiti. Aliuliza nilifanya nini kujichosha hivyo. Nikasema nilisoma sana.

Aristide amenitumia picha kwenye simu. Ngozi imepona, wino umekaa, mweusi kama masizi ya chungu. Sulaimani anatembea bila shati Kamwokya nzima. Mafundi wa viatu wanamsoma. Wauza nyanya wanamsoma. Nimeiongeza ile picha ukubwa mpaka R ikajaa kioo kizima. Nelima aliuliza natazama nini, nikasema habari.

Ijumaa, 11 Julai

Wamekuja kuniua, au karibu.

Leo mabondia walikuwa wanapimwa uzito mbele ya watu. Mpinzani wa Sulaimani ni Obura, Mkenya kutoka Kisumu. Mwenzangu wa nyumbani, maana nami nilizaliwa Kenya, na anajua kusoma. Sulaimani alipovua shati, Obura alisoma kifua, akarudia, akawageukia watu. Akasema fahari ya mtaa ni mrembo wake, kumbe ameletwa kupigana na Miss Kamwokya! Akamwuliza Sulaimani ameiacha wapi taji yake. Akamshika mkono akambusu vidole. Wakenya walianguka chini kwa kicheko. Waganda walipotafsiriwa, nao wakaanguka.

Saa tisa Sulaimani alikuwa sebuleni kwangu, Aristide nyuma yake akiangalia sakafu. "Mzee, wewe naandika mimi nini? Watu nacheka mimi! Mimi nasema fahali! Ile ya mapembe!" Akaweka vidole viwili kichwani, akakoroma.

Nilishtuka. Lakini sikupoteza heshima ya taaluma. Nikamwuliza taratibu, alisema fahari au fahali? Akajibu, "Fahali! Si fahali, fahali!" Nikamgeukia Aristide nikasema, unasikia? Aristide alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yanacheza.

Nikajaribu hoja. Nikamwambia fahari ni neno kubwa, la kitabuni. Fahali, hata awe mkubwa vipi, mwisho wake ni buchani siku ya Idi. Sulaimani ni Mwislamu, hoja hiyo haikumsaidia yeyote. Alikuwa ameshainua kiti. Nelima akatoka jikoni na chai. Sulaimani akaweka kiti chini, akamsalimia vizuri, habari ya nyumbani, habari ya kazi, akapokea kikombe, akashukuru, akakinywa chote. Kisha akainua kiti tena.

Mwishowe Aristide akatoa suluhisho. Baada ya pigano, Jumatano, atafunika kifua chote. Fahali mzima, mapembe kutoka kwapa hadi kwapa. Maneno yote yatakwenda chini.

Chini! Nimesikia neno hilo maisha yangu yote. Chini ya rangi, chini ya plastiki, chini ya mgombea. Sasa chini ya ng'ombe.

Walipoondoka Nelima alikaa mbele yangu. Aliuliza ni kweli nimemchoma sindano mtu yule mzima. Nikasema kweli. Akasema, "Baba, huwezi kufunga vifungo vya shati lako." Nikamwonyesha picha ile. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaenda kuosha vikombe.

Mimi nimekwisha kupanga. Jina la bondia aliyeshinda halifutwi na mtu. Akishinda akiwa na FAHARI kifuani, atalipenda. Kwa hiyo lazima Sulaimani ashinde. Kesho nakwenda.

Jumamosi, 12 Julai

Nelima alifunga geti, akaweka ufunguo kifuani. Nikamwambia nitaruka ukuta. Akautazama ukuta, akanitazama mimi na fimbo yangu. Akavaa viatu. Akasema kama nimeamua kufa, nitakufa akiona. Akaita gari.

Ulingo ulikuwa umejengwa uwanjani Kamwokya, jua kali, watu mpaka juu ya mabati. Wakenya upande mmoja wakiimba Miss, Miss. Nelima alinipatia kiti cha mbele kwa kuwaambia watu mimi ni mgonjwa wa moyo. Mara ya kwanza ugonjwa huu kunifaa.

Sulaimani aliingia akiwa amefunga taulo kifuani, kama mwanamke anayetoka kuoga. Obura akampigia mluzi. Moyo wangu ulidunda vibaya, si kwa ugonjwa. Taulo juu ya kazi yangu!

Hapo mtangazaji akapanda na kipaza sauti. Mganda mnene, sauti kama ngoma. Akalivuta lile taulo, akasoma kifua, herufi zangu, R yangu, akapaza sauti: "Fahaliiiii ya Kamwokyaaaa!"

Watu wakalipuka. Fahali! Fahali! Hakuna aliyesikia r. Hakuna angeweza! Kila Mganda uwanjani alisoma FAHARI na kila mmoja alisema fahali. Nikamwona Sulaimani akijitazama kifuani, akisikiliza, akijitazama tena. Uso ukafunguka. Jina lake lilikuwa pale pale siku zote, mdomoni mwa watu wake.

Raundi ya nne Obura alikaa chini na hakutaka kuinuka.

Alipotangazwa mshindi, Sulaimani aliniona. Akashuka, akaniinua na kiti changu, akaniweka juu ya ulingo. Akasema mbele ya watu kwamba Mzee huyu ndiye aliyemwandika. Kisha akainama sikioni mwangu: "Mzee, ibaki. Nashinda nayo. Ibaki."

Ibaki! Hayo ndiyo maneno yake. Nilikuwa nimeyapata yote. Nelima chini pale alikuwa anapiga makofi, anacheka na kulia. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu.

Mtangazaji akaniletea kipaza sauti niwasalimie watu. Akasema mwandishi wa Fahali huyu hapa.

Naungama. Ningeweza kusema asanteni. Kinywa kilifunguka chenyewe. Niliwaambia watu wa Kamwokya kwamba napenda kurekebisha jambo dogo la matamshi. Neno walilokuwa wanalisema si hilo lililoandikwa. Lililoandikwa ni fahari, kwa r, ulimi unagonga juu, rrr, nomino ya ngeli ya tisa, maana yake utukufu, urembo, majivuno. Halina uhusiano wowote na ng'ombe. Nikawaomba warudie pamoja nami.

Wakenya ndio waliorudia.

Jumapili, 13 Julai

Nelima hajasema nami tangu jana. Ananiletea uji, anaweka, anaondoka. Kwa mtazamo wa sarufi sikukosea.

Jumatano, 16 Julai

Nimeomba kuwepo wakati wa kufunika, maana Sulaimani amebadili nia. Aristide alikuja kunichukua mwenyewe, akanishika kiwiko kwenye ngazi.

Sulaimani hakunisalimia mwanzoni. Alilala. Aristide akaanza na pembe la kushoto, F ikaenda. A ikaenda. Wino mwingi mweusi, hakuna namna nyingine ya kufunika. Nilikaa na mikono magotini. Alipofika R alisimamisha mashine, akaniuliza kama nataka kutoka nje. Nikasema hapana, nimezoea, nimeona kuta nyingi. Akaifunika. Iliingia chini ya jicho la kulia la fahali.

Ng'ombe mwenyewe ana macho ya mbuzi. Nimemwambia. Akasema, "Ee Papa, najua." Hakucheka.

Wakati wa kuondoka Sulaimani alivaa shati, akasimama. Akasema mama yake amemgombeza kwa kumfokea mtu mzima, kwa hiyo nimsamehe. Akanibeba mpaka kwenye gari. Sikio langu lilikuwa kifuani mwake. Huko ndani, chini ya ng'ombe, kazi yangu ilikuwa na joto bado.

Jumapili, 20 Julai

Pumzi fupi. Naandika nikiwa nimeegemea mito. Padri Saverio alikuja jana na mafuta matakatifu. Aliuliza kama najuta. Nikasema najuta sana kwamba sikumwuliza kijana yule alichotaka. Akafurahi, akasema huo ndio mwanzo wa hekima. Nikaongeza kwamba hata hivyo kwa kanuni za lugha nilikuwa sahihi. Akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu.

Leo baada ya chakula Aristide alibisha hodi na mkoba wake. Nikadhani amekuja kuniaga. Nelima ndiye aliyemwita! Alivuta kiti mpaka kitandani kwangu, akakunja mkono wa blauzi, akauweka mkono wake kwenye mto, upande wa ndani juu. Akasema anataka jina la marehemu mama yake. Vera. Akasema, "Baba, sikiliza vizuri. V, E, R, A. Usinisahihishe. Usinifikirie. Andika nilichosema."

Nikamwuliza kama ana hakika. Mara ya kwanza maishani kumwuliza mteja! Akasema ana hakika tangu siku ile ya picha.

Aristide akatayarisha kila kitu, akanishikia kiwiko. Mashine ikatetemeka, mimi nikatetemeka, tukatulia. Nilingoja pumzi yake. Nilikuwa naijua pumzi hiyo tangu alipokuwa wa kulazwa kifuani. V. E. R, na mguu wake nje kidogo. A. Nelima alilia, na sindano haikuwa sababu. Mimi pia. Aristide akasema anatoka kupokea simu. Sikusikia simu yoyote ikilia.

Imekwisha. Ni ndogo, na ni safi. Itakwenda ofisini kila Jumatatu, itabeba mizigo sokoni, itazeeka pole pole pamoja naye. Hakuna kampuni itakayoigusa. Sasa naweza kweli.

Nelima ameufunga mkono karatasi laini, amekwenda jikoni kumtengenezea Aristide, aliye bado nje, chai. Atarudi, nimemwambia kuna kipande cha kivuli nataka kunyoosha. Mashine iko hapa kwenye mto, bado ina joto. Nimekuwa nikifikiria.

Amesema Vera. Ndiyo, amesema hivyo. Lakini mimi ni baba yake, namjua. Huyu ni mtoto asiyependa kuomba sana, tangu utotoni, akitaka viwili anataja kimoja. Ni wazi amekusudia wazazi wote wawili na ameona haya kusema. Na chini ya Vera pana nafasi nzuri kabisa, kama imepimwa.

Nasikia vikombe. Anakuja. Nitamwambia afumbe macho asisikie maumivu.

Naanza na M.